Tulikuwa Tunapima Mipira

Jumamosi mchana, nikiulizwa naelekea wapi, nilijibu neno moja tu: mpirani. Mwenye nyumba wangu pale Kiwalani aliniona na kaptula na raba, akaridhika. Walimu wenzangu waliamini nina timu mahali fulani. Mchumba wangu alinitania kwamba siku moja atakuja kuniona ninavyokosa magoli. Sikumdanganya mtu hata mmoja, na hicho ndicho kilichonifurahisha, kwa sababu nilikuwa kijana mwenye kujiona mjanja. Mpira ni mpira. Kwamba wangu ulikuwa ukanda mwembamba kama tambi, uliopakwa gilisirini, na kwamba kazi yake ilikuwa kuzungusha pangaboi la kindege kidogo ndani ya godauni, hilo hawakuuliza, nami sikuona sababu ya kulisema.

Sasa nina wajukuu. Wakiniaga kwamba wanakwenda mpirani, kuna kitu kinanichoma, na hawajui ni nini. Nimeamua kukiandika.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Rafu za maduka zilizozoea vumbi zikajaa sabuni za rangi zote, mashirika ya umma yakawa yanafungwa moja baada ya jingine, na watu wazima waliozoea kuamka kwa king'ora cha kazini wakawa wanashinda barazani wakitazama wapita njia. Kati ya Kipawa na Kiwalani, karibu na reli, palikuwa na godauni la shirika moja lililokufa. Jengo lilirudi kwa familia ya Waarabu wenye maduka, na wao, wakati wakisubiri mpangaji, walimwachia ufunguo mzee mmoja awe analitazama. Mzee huyo nilimwita fundi. Sitamwita vingine hapa.

Fundi alifanya kazi kwenye karakana ya ndege tangu alipoingia kama kijana wa kufagia. Alijifunza kwa macho na mikono. Alipopunguzwa kazi alikuwa anaweza kufungua na kufunga vitu ambavyo vijana waliotoka chuoni walivisoma tu vitabuni, na wengi wao walifundishwa na yeye, lakini karatasi aliyopewa siku ya mwisho ilimtaja kama kibarua. Alinionyesha karatasi hiyo mara moja. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya aliyekufa, akairudisha mahali pake na hatukuizungumzia tena.

Nilimfahamu kwa sababu ya barua. Alikuja shuleni kwetu siku moja na kofia ya kiua na viatu vilivyong'arishwa, akaomba mwalimu anayejua Kiingereza. Wenzangu wakanisukumia mimi, mdogo wao. Barua ilitoka kwa fundi mmoja wa Kizungu aliyewahi kufanya naye kazi zamani, akarudi kwao na kuzeeka huko. Mzungu huyo ndiye aliyemwambukiza kindege. Kila baada ya miezi kadhaa alimtumia kifurushi: vijiti vya mti mwepesi, roli la ukanda wa mpira, na jarida dogo la chama chao cha watu wanaorusha ndege za ndani ya nyumba, zisizo na injini wala kamba, ndege zinazoachiwa mkononi na kujiendea zenyewe.

Ukurasa wa mwisho wa jarida ulikuwa na orodha ya wanachama wa mbali, waliotuma matokeo yao kwa posta. Jina, mahali, dakika. Waliovuka dakika kumi walikuwa na orodha yao peke yao, juu ya wengine. Fundi alitaka nimsomee masharti. Nikamsomea: ndege iruke ndani ya jengo, isiguswe mpaka itue, na fomu isainiwe na mrushaji pamoja na shahidi asiye ndugu yake, aliyeona kwa macho yake tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Jina langu, Dar es Salaam, dakika kumi," akasema. "Kwa chapa. Sio kwa kalamu."

Basi hilo ndilo alilolitaka duniani. Watu wengine wa rika lake walikuwa wanataka kwenda Hija, au bati jipya. Yeye alitaka mstari mmoja kwenye jarida ambalo hata kulisoma hakuweza.

Jumamosi iliyofuata alinipeleka godauni ili nione nilichosoma. Alifunga milango yote, na matundu ya ukutani akayaziba kwa magunia, kwa sababu kindege kile hakistahimili hata upepo wa mtu anayepita. Joto lilikuwa la kupikia. Kisha akafungua boksi. Mabawa yalikuwa marefu kama mkono wangu, na juu yake palikuwa na ngozi nyembamba ajabu; aliitengeneza kwa kumwaga tone la vanishi kwenye beseni la maji na kuliopoa likishakauka, na ilikuwa na rangi rangi kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Aliniwekea kindege kiganjani, akaniambia nifumbe macho. Sikuhisi kitu. Nilidhani amekiondoa.

Alipokiachia, hakikuruka kama nilivyotegemea. Kilitembea. Pangaboi lilizunguka polepole hata ningeweza kulihesabu, na kindege kikapanda kwa duara, duara juu ya duara, mpaka kwenye kenchi za paa walikolala njiwa. Wakati huo ndege kubwa ilikuwa inatua uwanjani, mabati yote yakatetemeka, na kile kidogo kikaendelea na safari yake juu kule bila habari. Kilikaa hewani dakika nne. Nilipotahamaki nilikuwa nimebana pumzi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa hesabu, na nikajikuta natamani nicheke na nilie kwa pamoja.

Dakika nne zilikuwa mbali na kumi. Fundi alijua kujenga kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, lakini hakuwa na subira ya namba, na siri ya dakika ilikuwa kwenye mpira. Hakuna roli lililofanana na jingine. Moja lilikuwa na nguvu nyingi za haraka na likachoka upesi, jingine lilitoa nguvu kidogo kidogo kwa muda mrefu, na kwa macho yote yalikuwa sawa. Aliwahi hata kujaribu kukata tyubu ya baiskeli, ile ya manati, na kindege kikaenda moja kwa moja ukutani kama kimetukanwa. Ilibidi mipira ipimwe. Hiyo ikawa kazi yangu.

Tulikata kipande cha ukanda, tukakifunga fundo kikawa kitanzi, tukakipaka gilisirini iliyochanganywa na sabuni ya maji ili kisijisugue chenyewe. Upande mmoja tulikitundika kwenye ndoano iliyofungwa waya wa chuma wenye mshale, ambao ulionyesha nguvu ya mpira. Upande mwingine tulikiweka kwenye drili ya mkono. Fundi alikivuta mpaka kikawa mara tano ya urefu wake, akaanza kuzungusha mkono wa drili huku akisogea mbele taratibu, nami nikahesabu kwa sauti na kuandika kila mizunguko ishirini mshale umefika wapi. Kitanzi cha majaribio hakikurudi salama. Tulikizungusha mpaka kikakatika, ili tujue ndugu zake kwenye roli lile wanaweza kuvumilia kiasi gani. Nilikuwa na daftari la mistari minne nililochukua shuleni, na niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko nilivyoandika maandalio ya masomo. Nilijiona mtaalamu. Nilipenda sana fundi aliponiuliza, "Haya, mwalimu, daftari linasemaje?"

Sasa nieleze jambo ambalo ningepaswa kulieleza mapema, siku ile lilipohitajika.

Kwenye ukuta wa nje wa godauni, upande wenye kivuli, alikaa mama mmoja muuza chapati. Tulimnunulia. Tulimsalimia tukiingia, tukamuaga tukitoka. Hatukuwaza hata mara moja kwamba ukuta ule ulikuwa wa mabati. Jumamosi baada ya Jumamosi, mama yule aliona wanaume wawili, mzee mjane na kijana asiyeoa, wakijifungia mchana kweupe na kuziba matundu kwa magunia. Halafu akasikia sauti zetu.

"Pima huu mpira kwanza."

"Umeupaka mafuta?"

"Vuta taratibu. Taratibu, mwalimu, utapasuka!"

"Umepasuka. Lete mwingine."

Miaka ile neno kupima na neno mipira hayakuwa tena maneno ya kawaida. Ule ugonjwa ulikuwa unazika watu tuliowajua, na watu waliutaja kwa kunong'ona. Kupima kulikuwa kupima damu. Mipira ilikuwa ile iliyochorwa kwenye kuta za zahanati, ambayo masheikh na mapadri waliikemea na vijana waliichekea. Mimi nilikuwa nimehudhuria semina ya walimu ya jambo hilo hilo, nikapewa na vipeperushi. Na bado sikuunganisha. Nilitoka mle ndani nimeloa jasho, mikono inateleza kwa gilisirini, nikanunua chapati mbili na kumtakia mama wa watu jioni njema.

Mambo mawili yalikuja mwezi mmoja. La kwanza, barua yangu ya posa ilipokelewa. Mchumba wangu alikuwa binti wa hapo hapo Kipawa, wa familia ya Kiislamu ya pwani, watu waliokuwa mjini kabla mji haujawafikia, na mshenga wangu, mwalimu mkuu msaidizi wa shule yetu, aliniambia nijikaze kidogo tu, kwamba wananichunguza kwa wema. La pili, wenye godauni walipata mpangaji. Marobota ya mitumba yalikuwa njiani kutoka bandarini, na fundi alitakiwa kukabidhi ufunguo mwisho wa mwezi. Zilibaki Jumamosi mbili.

Jumamosi ya kwanza tulitumia roli la mwisho, ambalo mimi ndiye niliyeligundua kuwa bora. Nilikuwa nimeua vitanzi sita vya roli lile ili kujiridhisha. Kwa mizunguko mia tatu arobaini ya drili, kindege kilikaa dakika tisa na sekunde arobaini. Nilikuwa nimeshika saa ya mbio ya shule, na sekunde zile za mwisho, kikiwa kimeshuka usawa wa magoti na kinatambaa juu ya sakafu, fundi alikuwa amelala kifudifudi akikitazama kwa upande, anakibembeleza kwa midomo bila sauti. Kilitua. Nikamwambia muda. Alikaa chini pale pale kwenye saruji, akafuta uso kwa kofia.

"Wiki ijayo," akasema.

Nilimwandikia kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: azungushe mia tatu sitini na tano, kisha arudishe kumi na tano ili kindege kisigonge kenchi. Mpira uliobaki ulitosha vitanzi viwili. Fomu nilikuwa nimeshaijaza kwa Kiingereza, jina lake, mahali, aina ya jengo, pakabaki nafasi ya muda na nafasi ya shahidi. Shahidi alikuwa mimi. Hatukuwahi hata kulijadili.

Jumatano mshenga alinifuata darasani, akanitoa nje.

"Kuna jambo," akasema. "Wamesikia maneno. Sitaki kuyarudia, mie mtu mzima. Twende ukajieleze mwenyewe leo hii, baada ya Alasiri. Usipokwenda, posa imekufa."

Njiani alinirudishia yale maneno kwa vipande, akitazama pembeni. Nilipoelewa, nilicheka. Nakikumbuka vizuri hicho kicheko, kwa sababu ndicho kinachonihukumu. Nilielewa kila kitu, tena mapema, nikiwa bado barabarani. Nilijua kosa lilikuwa wapi na nilijua dawa yake.

Baba wa mchumba wangu alikuwa ameketi barazani kwake, mtu mpole, aliyezungumza kidogo. Pembeni yake alikaa dada yake mkubwa, shangazi mtu, ambaye alizungumza kwa niaba ya wote wawili. Nikatoa shikamoo mara mbili, nikapokea marahaba mbili baridi.

"Mwalimu," shangazi akaanza, "sie binti yetu hatutaki atajwe mitaani. Tunasikia wewe na yule mzee wa godauni mnajifungia mle kila Jumamosi. Mnapima mipira. Watu wameyasikia kwa masikio yao. Ndivyo ama sivyo?"

Jibu lilikuwa fupi. Ni mpira wa kuzungushia kindege cha kuchezea, shangazi. Nikimbie nikuletee uone? Lisingechukua dakika. Lilikuwa limeshafika ulimini. Halafu nikamtazama baba mtu, aliyewahi kunisifu kwa kupenda mpira wa miguu, akasema unamjenga mwanamume, nikajiona ninavyosema: mimi, mwalimu, mposaji, kila Jumamosi narusha kindege. Nikamwona shangazi akiziba mdomo kwa khanga. Nikasikia tayari jina nitakalopewa Kipawa nzima. Na nikaona, kwa haraka ya ajabu, kwamba aibu ya yale maneno mengine haikuwa lazima iwe yangu.

"Mie nacheza mpira wa miguu, shangazi," nikasema. "Pale godauni napita tu. Yule mzee ana mambo yake. Huwa ananiomba nimsaidie kubeba vitu mpaka mlangoni. Ndani sijui anafanya nini."

"Hujaingia hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Nilimruka kimanga, hivyo, na jua linawaka. Mshenga akashusha pumzi. Shangazi akageukia kaka yake.

"Si nilisema mie? Kijana wa watu anasingiziwa. Ni yule mzee. Mzee mzima, hana haya."

Nami nikatikisa kichwa kukubali. Yale mengine naweza kusema niliulizwa, nilibanwa, niliogopa. Kule kutikisa kichwa hakuna aliyeniomba.

Tukaletewa chai na kaimati. Nilikula tatu.

Tangu Jumatano hadi Jumamosi niliwaza mengi, na yote yalikuwa juu yangu. Niliwaza kwamba nikionekana godauni, basi. Niliwaza kwamba fundi atajua la kufanya, kwamba daftari analo, kwamba namba zote nimemwandikia. Nilijiambia nitamweleza baadaye, kwamba ataelewa, mtu aliyewahi kuoa. Sikumpelekea hata ujumbe. Jumamosi saa nane nilivaa kaptula na raba kama kawaida, nikaaga kwamba nakwenda mpirani, na safari hii nikaenda kweli. Nilikaa kwenye nyasi za uwanja wa Kiwalani, nikatazama vijana nisiowajua wakicheza mpaka jioni. Kila ndege iliyopita juu kwenda kutua nilijua mabati ya wapi yanatetemeka. Sikumbuki nani alishinda.

Jumatatu malori yalileta marobota. Jumanne mchumba wangu alinisubiri kwenye lango la shule, akitabasamu, na nilivyomwona nikajua posa imepona.

"Yule mzee wa godauni alikuja nyumbani jana," akasema. "Hujasikia?"

Nikasema sijasikia.

Akanisimulia akitembea kando yangu, kwa furaha yake yote. Kwamba mzee alifika na kanzu safi na boksi chini ya kwapa. Kwamba alimwambia baba, nimesikia kwa mama wa chapati ninavyosemwa katika nyumba hii, basi naomba mnifungie madirisha niwaonyeshe mipira yenyewe. Kwamba alizungusha kidogo tu, kama mara hamsini, akakiachia sebuleni, na kitu kikapanda na kuizunguka taa, na shangazi akasema subhanallah na kukaa chini. Baba alimwomba arudie. Akarudia mara tatu. Baba alimshikia boksi mpaka nje.

"Shangazi kamwomba radhi kabisa," akasema. "Alikuwa karibu kulia."

"Na mimi?" nikauliza. "Alisema nini kuhusu mimi?"

"Baba alimuuliza. Kasema kijana hajui lolote, alikuwaga anamsaidia kubeba vitu mpaka mlangoni. Ndani hajaingia hata siku moja." Akanitazama. "Vile vile ulivyosema wewe."

Tulikwenda hatua kadhaa.

"Baba anasema yule mzee akipata tena pa kurushia, uende naye ukaone. Anasema ni kitu kizuri mno, na wewe kijana wa hesabu ungekipenda."

Nilimwacha kwao nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Alipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu, na nilimkuta ameketi mlangoni akiupanguza mpira uliobaki kwa kitambaa, anauzungushia karatasi ili usipigwe na jua. Nikampa shikamoo. Akaitikia kama siku zote. Akanisogezea kigoda.

"Fundi, nimekukosea," nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na hilo ndilo pekee lililobaki.

"Najua. Mama wa chapati kanieleza ulivyosema. Nishakusamehe. Ulikuwa unataka mke." Hakusema kwa ukali wala kwa upole. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Kaa basi."

Nikakaa. Nikamuuliza kuhusu Jumamosi, kwa sababu sikuweza kutomuuliza.

Hapo uso wake ulibadilika. Akauweka mpira chini, akanieleza kwa mikono, kama alivyoeleza kila kitu. Alizungusha mia tatu sitini na tano kama daftari lilivyosema, akahesabu mwenyewe kwa sauti. Akarudisha kumi na tano. Kindege kikapanda mpaka chini kabisa ya kenchi, kikabaki pale, hakikugusa kitu, kikazunguka na kuzunguka kana kwamba kimesahau kushuka. Njiwa hawakuondoka hata mmoja. Alikuwa ameweka saa yake ya mkononi juu ya kreti. Dakika kumi zilipita kikiwa bado juu ya kichwa chake.

"Kumi na moja na sekunde nne," akasema.

Nilitaka kumshika mkono, nikaona sistahili. Fomu ilikuwa juu ya meza ndani, niliiona kutoka pale nilipokaa. Nikaingia, nikaichukua. Kwenye nafasi ya muda alikuwa ameandika kwa penseli, kwa namba kubwa zisizo sawa. Nafasi ya shahidi ilikuwa tupu.

"Nilimwomba mama wa chapati," akasema kutoka mlangoni. "Kabla sijaanza. Nikamwambia aje akae tu mle ndani aone, aweke dole gumba. Akakataa. Akasema hawezi kuingia mle na mie, watu watamsemaje. Sasa ameshajua. Leo asubuhi kanipa chapati ya bure. Lakini godauni lishajaa mpaka juu."

Nilisimama pale na fomu mkononi. Wakati shangazi aliponiuliza, nilidhani namtupia mzee uchafu ambao utaoshwa baadaye, na kweli ulioshwa, aliuosha mwenyewe kwa dakika chache sebuleni kwa watu. Lakini Jumamosi ile moja, saa ile moja, ulikuwa bado haujaoshwa.

Nikatoa kalamu mfukoni.

"Naisaini, fundi," nikasema. "Naamini kila neno. Namba ni zangu, mpira nimeupima mimi. Naisaini sasa hivi na kesho naipeleka posta mwenyewe."

Aliinuka, akaja ndani, akaichukua fomu kutoka mkononi mwangu taratibu, kama alivyochukua kindege kikishatua.

"Ulikuwepo?"

Niliitazama ile nafasi tupu ya shahidi.

"Imeandikwa aliyeona kwa macho yake. Wewe ndiye uliyenisomea." Akaikunja mara mbili. "Ningekuwa mtu wa kuandika uongo, mwalimu, ningeandika dakika ishirini."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu, imefunguliwa, na niliona aibu hata kuirudisha mfukoni.